Twajua Kuoza, Twajua Kuzika: Je, Kuuguza?

Hapa kwetu Pwani arusi haijapata kumshinda mtu. Hata awe hohehahe vipi, siku ikiwadia jirani huyu ataleta masufuria yake, yule ataleta majamvi, wanawake watakaa kitako kuchambua mchele na kumenya vitunguu, na vijana watapanda juu kufunga maturubali bila ya kuitwa mara mbili. Na kifo nacho, Mola atupe mwisho mwema, hakimkuti mtu peke yake. Kabla maiti hajatolewa ndani, sanda imekwisha nunuliwa, kaburi lachimbwa Kikowani, na chakula cha wafiwa chapikwa nyumba ya pili. Hapana mtu anayetoa amri. Kila mmoja aijua kazi yake kwa sababu ameiona ikifanywa tangu utotoni.

Sasa nawauliza wasomaji swali moja. Mzee akianguka kitandani, asife wala asipone, akakaa hali hiyo mwezi mmoja, miezi sita, mwaka mzima, ni nani ajuaye kazi yake? Hapo utaona watu wamejaa nyumbani siku tatu za kwanza, kisha wanapungua kama maji ya bamvua yanavyokupwa, mpaka abaki mtu mmoja na mgonjwa wake. Na mtu huyo, mara nyingi, ni mwanamke.

Nasema haya kwa kuwa yamenipitia. Mamangu alikuwa na umri wa miaka 76. Mwezi wa Machi 2023, siku chache baada ya nusu Shaaban, alikuwa akitia udhu wa alfajiri mkono wa kulia ukakataa kumtii. Mdomo ulikwenda upande na maneno hayakutoka. Walikuwako waliosema kuwa ni upepo mbaya, aitwe fundi aandike kombe. Mimi sina ugomvi na dua. Dua twaombewa hata tukiwa wazima. Lakini kiharusi ni mshipa wa damu ulioziba, au uliopasuka, ndani ya ubongo, na saa zake ni za kuhesabu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kichwa kupigwa picha ikajulikana kama mshipa umeziba au umepasuka. Kwa hivyo uso ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, mgonjwa na apelekwe hospitali kwanza, na dua imfuate njiani.

Nyumba yetu ni ya Mji wa Kale, ngazi zake nyembamba na zimesimama wima, na gari haliingii kichochoroni. Vijana wanne wa mtaani walimketisha mama juu ya kiti wakamteremsha mpaka barabarani. Alilazwa siku 11. Aliporudi, upande wa kulia ulikuwa umepooza na kauli imepotea. Ndipo uuguzi hasa ulipoanza.

KAZI ISIYOONEKANA

Asiyepata kuuguza hudhani kuwa mgonjwa ni mtu wa kulala tu. Waswahili wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na aliyeutazama mzigo huu kutoka mlangoni hawezi kujua uzito wake.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo nyama ya kiunoni, nyongani na visiginoni hukosa damu ikaanza kuoza. Vidonda hivyo huanza kama wekundu mdogo tu, na vikishaingia ndani huweza kumuua mtu ambaye kiharusi chenyewe hakikumuua. Kumlisha nako ni kazi ya subira. Kiharusi huweza kulegeza koo, chakula kikapita njia ya mapafu. Basi mama alilishwa ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, uji mzito badala ya maji matupu, na hakulazwa mara baada ya kula. Ongeza hapo kumsafisha, kumbadilisha nguo, dawa za presha kwa saa zake, na kumnyosha mkono na mguu ili viungo visikakamae.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia wiki mbili tu baada ya mama kuanguka. Wageni walikuja kwa wingi, Mwenyezi Mungu awalipe, lakini walikuja baada ya tarawehe, saa ambazo mgonjwa ataka kulala. Waliketi, wakasimulia habari za fulani aliyepooza akafa na fulani aliyepooza akapona, kahawa na kaimati zikaandaliwa, wakaaga. Wote waliuliza, "Tuwasaidie nini?" Na jibu la kwetu, kwa desturi na kwa haya, ni lile lile: "Tuombeeni tu." Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni akija, akanywa kahawa, akaacha vikombe vya kuoshwa saa sita za usiku, mwenyeji hazidi kupona.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ni mjane. Kaka yangu mkubwa ana duka Marikiti. Mdogo wangu wa kiume yuko Dubai. Dada yetu ameolewa Malindi. Kila mmoja alimpenda mama, sina shaka, na kila mmoja aliamini kuwa mwenzake anatosha. Ramadhani yote nilikula daku nikiwa sijapata usingizi.

SWALI LA KHALATI

Jambo hili lilibadilishwa na khalati, mdogo wake mama, mtu wa maneno machache. Alikuja baada ya Idi akaniuliza, "Usiku nani alala na mgonjwa?" Nikamwambia mimi. "Na juzi?" Mimi. "Na usiku wa Idi?" Mimi. Hakusema neno. Ijumaa iliyofuata, baada ya Alasiri, alitukusanya sote, na yule wa Dubai akawekwa kwenye simu juu ya meza.

Alikuwa na daftari la shule na kalamu. Akasema, "Sikuwaita kuulizana nani ampenda mama. Niwaita tugawane kazi." Kisha akaorodhesha kila kitu kifanywacho kutwa kucha. Orodha ilijaa kurasa mbili. Nilimwona kaka akiisoma mara ya pili.

Hapakukosa mvutano. Kaka alisema kuwa yeye ana duka na watoto, na dada hana mume wala mtoto mdogo, kwa hivyo yeye aweza zaidi. Maneno yale yalinichoma, nikanyamaza. Khalati alimjibu, "Mwanangu, mjane si mtumwa wa ukoo." Kaka akasema tena kuwa yeye ni mwanamume, hawezi kumwosha mamake. Hilo ni kweli, na sitara ya mzazi ina haki yake maadamu mabinti wapo. Khalati akamwuliza, "Na uji nao una aura? Kumgeuza akiwa amevaa nguo zake kuna aura? Kukesha kuna aura?" Kaka akacheka, nasi tukacheka, na hapo mambo yakalainika.

Zamu ziliandikwa hivi. Usiku tatu zangu, mbili za kaka, mbili za dada, ambaye angekuja kutoka Malindi kila Ijumaa na kurudi Jumapili. Kuosha asubuhi ni mimi na khalati. Safari za hospitali na kumbeba mgonjwa ngazini ni kaka na vijana. Mdogo wetu wa Dubai alichukua nepi, dawa na malipo ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kila senti iliandikwa, na hesabu ikasomwa mwisho wa mwezi mbele ya wote, kwani pesa za mgonjwa zisizoandikwa huzaa fitina. Tena aliamrishwa apige simu kila jioni, si kuniuliza mimi habari, bali simu iwekwe sikioni mwa mama naye aseme na mamake, ajibiwe asijibiwe.

Yako pia ya wakaza wana, na hapa pana ugomvi katika nyumba nyingi. Wanazuoni wengi wasema kuwa haki ya mama iko juu ya watoto wake aliowazaa, na mke wa mwana akimtumikia mkwewe ni wema na hisani yake. Basi khalati hakumwamuru mke wa kaka, alimwomba. Naye alikubali kupika uji wa asubuhi, akaupika miezi yote ile, na kila mwisho wa mwezi jina lake lilitajwa kwa shukrani katika kikao. Mtu aliyeombwa na kushukuriwa hutenda zaidi ya aliyelazimishwa.

Wageni nao walipangiwa. Ziara ikawa baada ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi. Na aliyeuliza, "Tuwasaidie nini?" alionyeshwa daftari. Jirani mmoja alichukua chakula cha Jumanne. Mwingine alichukua kufua mashuka. Somo wa mama, bibi mwenye miaka 80 na zaidi, alisema yeye hana nguvu za kuinua mtu lakini anaweza kuketi. Akapewa saa mbili za Jumatano ili mimi nilale. Hakuna hata mmoja aliyekataa. Nguvu za kusaidia zilikuwako siku zote, zikikosa siku na jina la kazi. Mkono mmoja haulei mwana, nasi tukajifunza kuwa haumuuguzi mama.

Sheikh wa msikiti wetu alipokuja kumzuru mama, nilimwambia habari ya zamu hizi nikihofu atasema tumefanya uzazi kuwa ni ajira. Alinikumbusha Suratul Israa, aya ya 23, ambamo Mola amekataza mtoto kumtolea mzazi aliyezeeka hata lile neno dogo la kuchoka naye. Kisha akaniambia, mtu asiyelala siku tatu neno hilo litamtoka tu, hata awe mchamungu vipi. Basi anayempokea zamu apate kulala amemsaidia kushika amri ya Mola wake. Tangu siku hiyo sikuona aibu kusema kuwa nimechoka.

KAULI YA MAMA

Tena kuna msaada mmoja ambao twausahau, nao ni ule autoao mgonjwa mwenyewe. Sote twautaja utenzi wa Mwana Kupona binti Mshamu, wa upande wa Pate na Siyu, ulioandikwa mwaka 1858, na twautaja kwa mawaidha ya mke kwa mumewe. Wachache hukumbuka kuwa utenzi ule ni maneno ya mama mgonjwa. Alikuwa amekwisha kuugua mwaka mzima, akamwita bintiye Mwana Hashima aje na wino na karatasi akae karibu, kwa kuwa alikuwa na jambo la kumwambia. Haikupita miaka mingi akafariki. Lau binti yule angalikuwa jikoni akiwapikia wageni kahawa, tungalikosa johari hii.

Mamangu hakuweza kutamka hata neno "maji". Lakini jioni moja khalati aliketi kitandani akaanza kusoma Alhamdu kwa sauti, na mama akaifuata, neno kwa neno, mpaka amin. Tulilia sote. Daktari baadaye alitueleza kuwa hutokea hivyo: maneno ya kutungwa papo hapo hupotea, na yale yaliyohifadhiwa tangu utotoni, sura, dua, hata nyimbo, yakabaki. Tulipojua hilo, jioni zetu ziligeuka. Watoto walisoma naye sura fupi fupi na kaswida za maulidi. Aliyekuwa mzigo wa kugeuzwa akawa tena mwalimu wa wajukuu wake.

Na sala yake ilimhuzunisha zaidi kuliko mguu wake. Kila akisikia adhana alijishika nguo akilia, akiona kuwa yuko katika najisi. Sheikh alimfahamisha kuwa dini haikumtaka alilo nje ya uwezo wake: asiyeweza maji atayamamu, asiyeweza kusimama aketi, asiyeweza kuketi alale, na ishara ya kichwa yatosha. Saumu iliyomshinda, na kupona hakutarajiwi, hulishwa maskini mmoja kwa kila siku. Maneno yale yalimtuliza kuliko vidonge. Mwenye mgonjwa na asiache kumwita mtu wa elimu. Daktari hawezi kumtibu mtu hofu ya akhera.

NJE YA NYUMBA

Siyo yote yawezayo kufanywa na jamaa, wala si aibu kutafuta msaada wa mbali. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwanza kuna wahudumu wa afya ya jamii. Mwezi wa Septemba 2023 serikali iliwapa vifaa wahudumu wapatao 100,000 nchi nzima, na miongoni mwa vifaa hivyo mna kipimo cha presha na cha sukari. Ulizia katika zahanati ya mtaa wako aliyepangiwa nyumba zenu. Kwa mgonjwa asiyeweza kuteremka ngazi, mtu wa kumpima akiwa kitandani ni rehema.

Pili kuna bima. NHIF tuliyoizoea iliondoka, na tangu Oktoba 2024 mahali pake pameshikwa na SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75; asiye na mshahara hupimwa kipato chake, na kiasi cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Mwandikishe mzee wako angali mzima. Kuhangaikia kitambulisho mgonjwa akiwa mlangoni mwa hospitali ni mashaka juu ya mashaka.

Tatu kuna tiba shufaa, ambayo wengi wetu twaiogopa bure. Hii ni huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na kuwatuliza jamaa zake pale ugonjwa unapokuwa mzito, kama vile saratani. Kenya ilianza kuijua Nairobi Hospice ilipoanzishwa mwaka 1990, na hapa Mombasa tuna Coast Hospice. Watu hudhani kuwa kupelekwa huko ni kukatiwa tamaa. Si hivyo. Mgonjwa aweza kuendelea na matibabu yake huku akipewa dawa ya maumivu, na wauguzi huwafundisha jamaa namna ya kumtunza nyumbani. Rafiki yake mama aliyekuwa na saratani hakulala wiki nzima kwa maumivu, mpaka alipopewa mofini ya maji kwa kipimo cha daktari. Binti yake alikuwa ameikataa awali akisema kuwa ni ulevi. Dawa iliyotolewa na tabibu kwa haja ya kuondoa maumivu siyo ulevi, na mama kulala usingizi si jambo la kuonewa haya.

Mama aliishi miezi 13 baada ya siku ile, akafariki Mfungo Mosi wa mwaka 2024. Alipooshwa na mabinti zake hakuwa na kidonda hata kimoja mwilini. Kaka, ambaye usiku zake mbili hakuzikosa ila mara moja alipokuwa na homa, ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Sisi ndugu wanne twaongea hadi leo, na wenye mali ya kurithi na wagonjwa wa kugombania watajua kuwa hilo si jambo dogo. Daftari la khalati nimempa jirani wa nyumba ya tatu, ambaye babake yuko kitandani tangu mwaka jana. Kurasa zetu alizing'oa akaanza zake.

Nina ombi kwa wazee wa misikiti na kwa vyama vya akina mama. Karibu kila msikiti wetu una jeneza lake, limewekwa mahali pake, na kila mtu ajua likitakiwa aende kwa nani. Si vibaya kando ya jeneza pawekwe kiti cha magurudumu na godoro la hewa, viazimwe na kurudishwa. Na tangazo la Ijumaa litajapo waliofariki, litaje na wanaouguliwa, liseme nyumba gani yataka mtu wa kukesha Jumatatu.